Asubuhi Kumi na Moja za Mama

Sanduku la ndoto za mama lilianza kukohoa Alhamisi, na baba akaninyamazia mpaka Jumamosi. Hilo peke yake lilitosha kunipandisha hasira. Alinipigia asubuhi kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, akasema kile kisanduku cha sebuleni kinatoa mlio, tak, tak, kinanyamaza, halafu tak tena, eti ni kawaida? Nikamwambia si kawaida, asikiguse, asikizime, asipumue karibu nacho. Akacheka. Ananiita Pilipili tangu nina miaka mitatu, na nadhani siku hizi ananichokoza makusudi ahakikishe kama jina bado linanitosha.

Mimi ni fundi wa kompyuta za maktaba. Kutwa nzima nafokea watu wazima wanaoweka kazi ya miaka kumi mahali pamoja, kisha wananijia na macho mekundu. Baba alikuwa fundi redio miaka arobaini, na mafundi redio hawaambiliki. Miaka mitano nimemwimbia habari ya lile sanduku. Ndani yake mna diski mbili. Siku alipolinunua aliambiwa achague: kila diski ijitegemee, au zishikane zifanye kazi kama diski moja, kwa kasi zaidi. Mpe fundi redio neno kasi uone. Akazishikanisha. Na diski zikishikanishwa namna hiyo, kila faili linakatwa vipande vidogo vidogo, na vipande vinagawiwa kama karata: hiki chako, hiki changu, hiki chako, hiki changu. Ya kushoto ikifa, ya kulia inabaki na nusu ya kila kitu, maana yake haibaki na chochote.

Na ndani ya sanduku hilo alikuwamo mama.

Mama alikuwa mpokea simu wa kiwanda. Miaka thelathini aliunganisha watu waongee wao kwa wao, na nahisi usiku ndipo alipojilipizia, maana sijakutana na mtu mwingine anayeota kama yeye. Nyumbani kwetu ilikuwa sheria: asubuhi hakuna kumsalimia mama mpaka aseme ndoto yake. Ukimuuliza ameamkaje kabla hajaisema, inamponyoka, na siku nzima atazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mara ngapi nilikwenda shule bila kumsalimia mama yangu, wenzangu wakadhani tumegombana! Alipostaafu, baba alinunua kamera. Kila asubuhi aliingia nayo chumbani bila neno, akaitegesha juu ya kabati, akakaa ukingoni mwa kitanda, na mama, nywele timtim, jicho moja bado limelala, akasimulia. Dakika tatu, siku nyingine ishirini. Akimaliza anachagua jina, baba analiandika kwenye faili. Miaka kumi na moja walifanya hivyo, na mimi nikiwacheka.

Halafu miezi minane iliyopita kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ulirudi kidogo, vidole viwili vitatu. Maneno hayakurudi.

Niliingia pale saa mbili asubuhi na diski mbili mpya mkobani. Mpango ulikuwa mwepesi kuusema: nakili kila kitu kutoka kwenye sanduku kwenda diski mpya ya kwanza, hakiki, nakili tena kwenda ya pili, kisha vunja ule muungano wa zamani usiwepo tena duniani. Baada ya hapo kila diski ina kila ndoto, nzima, ya kwake. Moja inabaki hapa, moja inakwenda kwangu, na moja ikifa nyingine haina haja ya kupewa pole. Nilimuuliza baba kama mama amelala vizuri, akasema amelala. Nilipita chumbani, nikamvutia shuka ikafunika magoti, nikamuuliza baba kama ameshakunywa dawa zake, akasema ameshakunywa. Nikarudi sebuleni kwa mgonjwa wangu.

Diski ya kushoto ilikuwa taabani. Niliweka kiganja juu ya sanduku nikaisikia inavyotafuta, inakosa, inarudi, inatafuta tena. Nikamwambia baba ukweli: inaweza kumaliza siku, inaweza isimalize saa. Kwa hiyo tunaanza na vilivyo vya thamani zaidi.

"Basi anza na za mwisho," akasema.

Nilikuwa nimeshaiona orodha. Mafaili zaidi ya elfu nne yenye majina, na majina yenyewe yanakutoa machozi ya kicheko: Ngazi ya Sabuni, Nimeolewa na Posta, Nyumba Isiyo na Nyuma. Mwishoni kabisa, mafaili mia mbili na ushee yasiyo na jina, tarehe tupu. Ya miezi minane hii. Nilielewa mara moja, au nilijiona nimeelewa. Mzee wa watu hakuweza kuacha mazoea. Mama amenyamaza, yeye bado anaingia na kamera kila alfajiri, anarekodi mwanamke anayetazama dari. Ilinichoma, na mimi kitu kikinichoma nakuwa mkali. Nikamwambia hizo za mwisho hazina kitu, baba, ni kimya, siwezi kuiua diski kwa ajili ya kimya. Tunaanza na zile anazoongea. 

"Wewe ndiye fundi," akasema, akaenda kuchemsha maji.

Nikabonyeza anza, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Kunakili kuna usingizi wake. Chumba kilikuwa na mwanga wa pazia la kijani lililopauka, feni inazunguka polepole, sanduku linakohoa mezani, na huna la kufanya ila kungoja. Lakini kunakili bila kuhakiki ni kujidanganya, kwa hiyo kila yalipofika mafaili mia nilifungua moja kwenye diski mpya nione kama limefika zima. Nilikusudia kutazama sekunde kumi kumi. We acha tu. Nani ataweza kumzima mama yake katikati ya sentensi?

Alikuwa anapanda ngazi za kiwandani, lakini ngazi ni za sabuni, na kila mtu anayepita anazipunguza unene, na juu kabisa babu anauza miavuli, anamwambia afanye haraka kabla ngazi haijaisha. Alikuwa amekaa kwenye mitambo yake ya simu chini ya maji, nyaya zinaelea kama nywele, na kila anayepiga anataka namba ile ile, na namba hiyo ni ya kwetu, na anapoiunganisha anasikia sauti yake mwenyewe ya utotoni ikiuliza kama inaruhusiwa kutoka sasa. Alikuwa katika nyumba ambayo milango yote inatazama mbele. Kila akitoka kwenda uani kuanika anajikuta anakaribisha wageni barazani, mikononi shuka inachuruzika maji, na wageni wanasema asante, tulikuwa tunaisubiri.

Sauti yake ile! Nilikuwa nimeisahau ilivyo na mkwaruzo kidogo asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Baba alileta chai, akaichukua ikiwa baridi, akaleta nyingine. Mara nyingine sikujua kama nimesikia ndoto au nimesinzia nikaota mimi, maana nilimwona mama anapita na ndoo ya nyaya, ananiashiria nisimsalimie kwanza, na sikulikuta faili lenye hilo. Nilikuwa na furaha, kusema kweli. Furaha ya ajabu, ya mtoto mgonjwa aliyeruhusiwa asiende shule.

Saa nane mchana ndoto zote zenye majina zilikuwa zimeshavuka. Nilizihakiki, hata moja haikupungua. Nikanyoosha mgongo, nikamwambia baba tumeokoka, sasa nalizima sanduku. Diski ilikuwa inalia vibaya zaidi, na sikuona sababu ya kuitesa kwa mafaili matupu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, taulo la vyombo begani. Si mtu wa kuomba, baba yangu. Redio ikimshinda huificha kabatini kuliko kuomba msaada.

"Fungua moja kwanza," akasema. "Moja tu. Ya juzijuzi."

Nikafungua ya Jumatano ili nimridhishe. Niliifungua moja kwa moja humo humo kwenye sanduku, sikuinakili kwanza, kosa ambalo mtu wa maktaba akilifanya namtoa nje kwa maneno.

Mama amekaa, mto mgongoni, anatazama mbele. Kimya. Nikawa nasogeza mkono nizime, ndipo sauti ya baba ikasikika kutoka nje ya picha, taratibu, kama mtu anayeita paka.

"Umeota?"

Kidole cha mama kikanyanyuka. Pete yake ikagonga chuma cha kitanda. Ko.

"Kulikuwa na watu?"

Ko.

"Dada yako?"

Ko, ko.

Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Miezi minane, na mimi nakuja kila Jumamosi ya pili na matunda yangu, nakaa saa tatu, na sikuwahi kujua. Hakuna aliyenificha. Wangenionyesha vipi, na mimi nikiingia naanza kufungua madirisha na kuhesabu vidonge?

"Pilipili?"

Ko.

"Yuko wapi, kazini?"

Ko, ko.

"Yuko hapa. Anapika? Anaongea?"

Mbili, kisha moja.

"Anaongea na wewe?"

Ko, ko.

"Anaongea na mimi?"

Ko.

Kwenye picha mama aliendelea kutazama mbele, uso mtulivu, uso wa mtu anayesubiri laini iungane. Kisha baba akauliza ninaongea habari za nani, za jirani, za kazi, za mama mwenyewe, na kwa mama mwenyewe pete ikagonga mara moja. Akauliza kama mama kwenye ndoto amelala. Hapana. Yuko chumba kingine? Hapana.

"Uko katikati yetu?"

Ko.

Sikuweza kuitazama mpaka mwisho. Nililia, siwafichi, nililia mbele ya baba kwa mara ya kwanza tangu nivunjike mkono darasa la tano, na yeye akanipa lile taulo la vyombo lenye maji. Akanieleza, sasa kwa kuwa nimeuliza. Siku nyingine wanapata ndoto nzima kwa nusu saa. Siku nyingine anauliza mpaka saa tano asubuhi na hawapati kitu, anakuwa amekosa swali, kwa sababu nani angefikiria kuuliza kama kiatu kilikuwa kinasoma gazeti? Mama hukasirika akigonga chuma ovyo, na baba humwambia vumilia, laini ina mikwaruzo. Majina hajaziwekea kwa sababu jina lazima lichaguliwe na mama, na bado hawajajua njia ya kuligonga.

Nilikurupuka. Nikayachagua yote mia mbili na ushee, nikabonyeza anza kwa pupa. Na kwa pupa hiyo sikugeuza mpangilio. Yakaanza kwa tarehe, ya zamani kwanza, wakati baba alishaniambia asubuhi kabla sijabonyeza chochote: anza na za mwisho. Nilipogundua yalikuwa yamefika katikati, na kusimamisha diski katika hali ile ni kuiomba isiamke. Nikaacha. Nikakaa mbele ya mstari wa kijani nikiubembeleza kwa majina ya kila aina. Baba alisimama nyuma yangu. Nadhani naye alikuwa anasema kitu chini kwa chini.

Saa kumi kasorobo diski ya kushoto ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Mstari ukasimama. Kwenye skrini sanduku zima likatoweka, kana kwamba halikuwahi kuchomekwa.

Yalikuwa yamebaki mafaili kumi na moja.

Nilifanya yote ninayoyajua. Nililiacha lipoe, nikalichomeka upya, nikaitoa diski nikaichomeka peke yake kwenye kompyuta yangu, nikaiegemeza upande, nikaiegemeza upande mwingine. Wapi. Ya kulia ilikuwa nzima kabisa, inazunguka vizuri, na ndani yake mlikuwa na nusu ya zile asubuhi kumi na moja, vipande vyake vyote vimepangwa sawasawa, kila kimoja kinasubiri mwenzake. Havisomeki. Nilivitazama muda mrefu. Ni herufi za ovyo, mtu hawezi kujua kama ni uso au chuma cha kitanda.

Kazi niliyoijia ilikuwa imekwisha, na ukiniuliza kwa hesabu za maktaba ningekuambia imekwenda vizuri mno. Nilinakili kwenye diski ya pili, nikahakiki, nikavunja muungano. Kila diski sasa ilikuwa inajitegemea. Ndoto elfu nne na mia kadhaa zilikuwa salama, mbili mbili. Zilizopotea ni za siku kumi na moja za mwisho, pamoja na ile ya Jumatano, niliyoitazama nusu tu, na zilipotea kwa mdomo wangu, kwa sababu mtu aliyeishi ndani ya nyumba ile aliniambia la kufanya na mimi nilimjibu kwa ufundi.

"Nitamwambiaje?" nilimuuliza baba.

Alichukua kamera juu ya televisheni, akaingia chumbani, nikasikia anaitegesha juu ya kabati.

Mama alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana. Jua la jioni lilikuwa limemfikia mikononi, na pete ilikuwa inang'aa. Nilivuta kiti. Niligundua nimekiweka pale ninapokiweka siku zote, miguuni mwa kitanda, kikimtazama baba. Nikakibeba nikakisogeza mpaka magoti yangu yakagusa godoro.

"Mama," nikasema. Nilishindwa hata kukumbuka mara ya mwisho nilipoanza na neno hilo. "Mama, nimepoteza ndoto zako. Si zote. Kumi na moja za mwisho. Baba aliniambia nianze nazo, sikumsikiliza. Ni kosa langu."

Akanitazama. Jicho moja lilikuwa zito, jingine lilikuwa lile lile lililonitazama niliporudi nyumbani na ripoti mbaya.

"Unazikumbuka?" nikamuuliza.

Kidole hakikunyanyuka. Nje mtu alipita anavuta kitu kizito juu ya kokoto, akapotea. Nilianza kufikiri mama amekataa, na ana haki.

Ko.

"Zote?"

Ko, ko.

"Ya Jumatano?"

Ko.

Ingekuwa rahisi kuanza na nyingine. Ingekuwa rahisi hata kuibadilisha hiyo hiyo, maana hakuna nakala nyingine popote, na muulizaji ndiye anayeshika usukani: ningeuliza kama nilikuwa nimeshika mkono wake, na labda kwa huruma angegonga mara moja. Mama yangu ana huruma. Lakini nimefanya kazi hii muda mrefu, na kitu kinarudishwa kama kilivyokuwa, au hakijarudi.

"Nilikuwemo mimi," nikasema.

Ko.

"Nilikuwa naongea na baba."

Ko.

"Habari zako. Na wewe uko katikati, uko macho, unanisikia."

Ko.

Kamera ilikuwa inatoa ule mwanga wake mdogo mwekundu.

"Na wewe, mama, nilikuongelesha?"

Alijua nimejua jibu. Hakuna kitu asichokijua mpokea simu. Kisha pete ikagonga, taratibu, ikapumzika, ikagonga tena.

Baada ya pale tuliendelea, kwa sababu ile ya Jumatano ilikuwa na sehemu ya pili ambayo sikuifikia, yenye treni na mbuzi aliyekuwa anakagua tiketi, na ilinichukua maswali zaidi ya mia kumpata mbuzi. Mama alikasirika mara mbili. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tulipomaliza kulikuwa kunaanza kuwa giza, na zimebaki kumi.

Baba akazima kamera, akakaa na kompyuta yangu magotini kuliandikia faili jina. Akakwama pale pale anapokwama kila siku.

"Tuiite nini?" akaniuliza.

Nikasema sijui mimi, si ndoto yangu. Kisha nikamgeukia mama, nikamuuliza yeye, herufi moja baada ya nyingine, kuanzia A.